Kosa la Desemba, Harusi ya Agosti

SWALI: Dada wa safu hii, hujambo? Mimi ni mzee wa miaka 63, nakaa Mikindani, Mombasa. Nimefanya kazi bandarini miaka 31 nikiendesha kreni mpaka nikastaafu. Mke wangu alifariki mwaka 2021. Tulijaliwa watoto watatu, na kifungua mimba wetu ni muuguzi huko Edmonton, Kanada. Tarehe 15 Agosti anaolewa, na harusi ni hukohuko.

Mwezi wa kumi mwaka jana niliomba visa ya matembezi. Fomu iliniuliza kama nimewahi kukamatwa au kuhukumiwa kwa kosa lolote katika nchi yoyote. Binti yangu akaniambia kwa simu, "Baba, andika ukweli." Nikauandika. Desemba ya 2018, kabla ya Krismasi, nilikuwa natoka mazishini Mariakani. Polisi walinisimamisha, wakanipulizisha kile kifaa cha kupima pombe, nikalala kituoni. Kesho yake nilikiri mahakamani. Nilitozwa faini ya shilingi 40,000 na kuzuiwa kuendesha gari mwaka mmoja. Faini nililipa siku ileile, na tangu hapo sina neno na askari yeyote.

Mwezi wa kwanza nikajibiwa kwamba sikubaliki kuingia Kanada kwa sababu ya uhalifu, kifungu cha 36. Dada, nilihisi nimevuliwa nguo hadharani. Mimi mhalifu? Sasa kuna bwana mmoja mjini anasema kosa langu lilikuwa ni kusema. Anataka shilingi 150,000 anisaidie kupata pasipoti mpya, tuombe upya, na mara hii tuandike "Hapana". Jirani yangu naye anasema amesikia iko ruhusa ya muda ambayo hata mwenye kosa hupewa. Nimsikilize nani?

Baba Bibi Harusi, Mombasa

JIBU: Shikamoo, Baba. Pole kwa kufiwa na mama wa watoto, na hongera kwa kupata mkwe.

Jirani yako ndiye wa kumsikiliza. Yule bwana wa 150,000 usimpe hata nauli ya matatu. Huko chini nitakueleza kwa nini nakuwa mkali namna hii, maana mtu wa aina yake amewahi kupita nyumbani kwetu Tanga.

Kwanza nikueleze mimi ni nani, ili ujue mipaka ya ninayokwambia. Naishi Ottawa. Kwa miaka tisa sasa natafsiri nyaraka na mahojiano kwa mawakili wa uhamiaji, wateja wengi wakiwa wenzetu wa Kongo, Burundi na pwani ya kwetu. Wakili mimi siye. Ninachokupa ni ramani ya njia, na mahali panapohitaji wakili nitakuonyesha.

Ile ruhusa ipo. Imo katika kifungu cha 24 cha Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi ya Kanada, iliyoanza kutumika mwaka 2002. Kwa Kiswahili tuiite kibali cha ukaazi wa muda. Kifungu chenyewe ni kifupi: mtu asiyekubalika kuingia Kanada anaweza kupewa kibali cha kuingia na kukaa kwa muda, ikiwa afisa ataona kwamba hali yake inahalalisha hivyo, na kibali hicho kinaweza kufutwa wakati wowote. Kibali hiki hakikuwekwa kwa ajili ya mtu asiye na doa. Asiye na doa huomba visa akaenda zake. Hiki kimewekwa kwa ajili yako wewe, mwenye kosa linalojulikana na sababu ya kusafiri inayoeleweka. Ndiyo maana ushauri wa kuficha kosa ni upotovu mtupu: ukilificha, umejitoa mwenyewe kwenye mlango uliowekwa kwa ajili yako.

Neno "uhalifu" najua limekuchoma. Lakini afisa hakuangalia jinsi mahakama ya kwetu ilivyolipima kosa lako. Faini yako ingekuwa shilingi 40,000 au 4,000, kwake ni mamoja. Yeye huuliza hivi: kitendo hiki kingefanyika Kanada, sheria ya huku ingekiitaje, na adhabu yake ya juu kabisa ni ipi? Huku, kuendesha gari ukiwa umelewa halihesabiwi kosa la barabarani kama kupita taa nyekundu. Limo ndani ya Sheria ya Jinai, karibu kabisa na makosa unayoyasikia kwenye taarifa ya habari.

Na hapa, Baba, naomba uvae miwani, maana pana jambo moja kwenye barua yako lililonifanya niisome mara tatu. Umesema "Desemba ya 2018, kabla ya Krismasi". Tarehe ngapi?

Nauliza kwa sababu tarehe 18 Desemba 2018 Kanada ilibadilisha sheria yake. Kabla ya siku hiyo, adhabu ya juu ya kuendesha umelewa ilikuwa kifungo cha miaka 5. Kuanzia siku hiyo ikawa miaka 10. Na katika sheria ya uhamiaji, miaka 10 ndiyo mpaka: kosa ambalo adhabu yake ya juu inafika miaka 10 linaitwa uhalifu mzito, na lililo chini yake ni uhalifu wa kawaida. Kinachohesabiwa ni siku ulipotenda kosa, na wala si siku ulipoomba visa. Kwa hiyo, kama ulisimamishwa usiku wa tarehe 16, wewe ni mtu mmoja mbele ya sheria hii. Kama ulisimamishwa usiku wa tarehe 20, wewe ni mtu mwingine.

Tofauti yenyewe ni hii. Kwa uhalifu wa kawaida, mwenye kosa moja tu huhesabiwa kuwa amejirekebisha baada ya miaka 10 kupita tangu alipomaliza adhabu, bila kuomba chochote. Adhabu yako haikuisha siku uliyolipa faini. Iliisha siku ulipofunguliwa kuendesha gari tena, yaani Desemba 2019. Basi kwako ingekuwa Desemba 2029. Lakini kwa uhalifu mzito hakuna kusubiri mpaka doa lijifute. Hata ukae miaka 30, bado utahitaji kuomba. Barua yako ya kukataliwa inataja kifungu cha 36. Tazama kama pameandikwa 36(1) au 36(2). Ile ya kwanza ni uhalifu mzito. Ikiwa wameandika 36(1) na wewe ulisimamishwa kabla ya tarehe 18, basi afisa amekosea mahali, na hapo wakili atakufaa sana.

Usiitegemee kumbukumbu, maana miaka saba ni mingi. Nenda mahakama ileile ukaombe nakala iliyothibitishwa ya hati ya mashtaka, ambayo huandika siku ya kosa, na nakala ya hukumu. Kama risiti ya faini bado unayo, hata ikiwa imefifia, itoe nakala leo. Kwa masjala omba pia waandike tarehe ya mwisho ya zuio la kuendesha, maana wengi wetu tarehe hiyo hatuna popote. Kwa kuwa nyaraka za mahakama za Kenya ziko kwa Kiingereza, hazihitaji kutafsiriwa. (Wasomaji wa Tanzania wenye hukumu ya mahakama ya mwanzo iliyoandikwa Kiswahili, ninyi mtahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Wa Kongo na Burundi wenye hati za Kifaransa zinapokelewa kama zilivyo, kwa kuwa Kifaransa nacho ni lugha rasmi ya Kanada.)

Sasa tuje kwenye milango. Iko miwili, na ningekuwa wewe ningebisha yote miwili.

Mmoja ni wa kudumu. Ikipita miaka 5 tangu umalize adhabu, unaruhusiwa kuomba utambuliwe rasmi kuwa umejirekebisha. Yako ilitimia Desemba 2024. Ukikubaliwa, kosa lile halitakuzuia tena kuingia Kanada maisha yako yote, ilimradi usitende jingine. Ubaya wake ni mwendo: ombi hilo linaweza kuchukua mwaka na zaidi, na ada yake, kosa likiwa limewekwa kwenye uhalifu mzito, inazidi dola 1,000 za Kanada. Harusi ya Agosti haitausubiri mlango huu. Lakini wajukuu watakuja, inshallah, na kila mmoja atataka babu yake.

Mwingine ndio huo wa kibali cha muda, na ndio wa Agosti. Kibali chenyewe hakina fomu yake. Unajaza fomu ileile ya visa ya mgeni uliyojaza mwaka jana, unalipa ada ya visa dola 100, unalipa ada ya kibali ambayo imezidi kidogo dola 200, na unaambatisha barua inayosema waziwazi: najua sikubaliki kwa sababu hii, na ninaomba kibali cha ukaazi wa muda kwa sababu hii. Usipoiandika barua hiyo, afisa atalisoma ombi lako kama visa ya kawaida na kulikataa kama alivyolikataa lile la kwanza. Ada hizo hazirudishwi hata ukikosa. Alama za vidole hutalipia tena, maana ulizotoa mwaka jana zinatumika miaka 10. Na hapo uone upuuzi wa yule bwana wako. Pasipoti mpya atakutafutia, vidole vipya atavitoa wapi?

Jambo ninaloona watu wakilikosea kila mwezi ni barua yenyewe. Watu huiandika kama wakili wa utetezi: askari walikuwa wanatafuta pesa za sikukuu, kifaa kilikuwa kibovu, bia ilikuwa moja. Huenda ni kweli. Lakini wewe ulikiri mahakamani, na afisa anayo hukumu mezani. Ukipigana na hukumu hiyo leo, anachosoma ni kwamba bado hujakubali. Kazi ya afisa ni kuweka vitu viwili kwenye mizani: haja ya wewe kuingia, na hatari ya wewe kuwemo nchini. Barua yako iweke jiwe upande wa haja na itoe jiwe upande wa hatari, basi.

Kuhusu kosa, ningeandika takribani hivi, kwa maneno yako na tarehe zako za kweli:

"Usiku wa tarehe hiyo nilikuwa natoka mazishini. Nilikuwa nimekunywa bia, kisha nikashika usukani, nami nilijua sifai kuendesha. Hakuna aliyeumia, lakini angeweza kuumia. Nilikiri, nikalipa faini, nikakaa mwaka mzima bila kuendesha. Tangu hapo sijaendesha gari nikiwa nimekunywa. Nikiwa Kanada sitaendesha gari kabisa. Binti yangu na mkwe wangu ndio watakaonichukua kila mahali."

Idadi ya bia itaje ile uliyokunywa kweli. Na hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Hatari yako kwa Kanada ni moja tu, nayo ni usukani. Ukisema hutaushika, na binti yako akathibitisha kwenye barua yake kwamba gari litaendeshwa na fulani na fulani, umeigusa hofu yenyewe ya afisa. Nimewahi kutafsiri barua ya kurasa sita iliyojaa vyeti vya uongozi wa vyama, na mahali popote mwenyewe hakusema hilo neno moja. Nilimwomba wakili amuulize. Kumbe mzee wa watu alikuwa na nia hiyohiyo, ila hakuona haja ya kuiandika.

Upande wa haja, nitakwambia ukweli ingawa hautakufurahisha. Harusi peke yake haina uzito sana mbele ya maafisa. Wataona kwamba harusi hurushwa moja kwa moja kwenye simu, na kwamba ndoa inafungika hata baba asipokuwepo. Kwa hiyo usiandike "harusi ya binti yangu" ukaishia hapo. Andika kilichopo: mama yake amefariki, wewe ndiye mzazi pekee aliyebaki, na hakuna mwingine wa kusimama upande wa bibi harusi. Ambatisha cheti cha kifo cha mama. Kama kuna jambo la mila au la kanisa linalomtaka baba awepo kwa mwili wake, lieleze kwa sentensi mbili, kama unavyomweleza mgeni aliyefika kwenye harusi ya kwetu kwa mara ya kwanza. Binti yako atoe nakala ya hati yake ya ukaazi au uraia, barua ya kazi, na risiti ya ukumbi yenye tarehe 15 Agosti.

Omba siku chache. Hilo nalo huchangia. Mtu anayeomba miezi sita kwa ajili ya harusi ya siku moja anajitilia shaka mwenyewe. Omba wiki tatu, toka tarehe fulani hadi tarehe fulani, na tiketi iwe ya nafasi iliyowekwa tu, usiilipie bado. Onyesha vinavyokurudisha Mikindani: malipo ya uzeeni, hati ya nyumba kama unayo, wale watoto wawili walio nyumbani, na cheti kipya cha maadili mema. Cheti kitaonyesha kosa lile? Na kionyeshe. Kikionyesha moja na miaka saba baada yake iko mitupu, hicho ni ushahidi wako.

Ukipewa, kuna masharti mawili ya kukumbuka. Kibali hiki kinaweza kuwa cha siku kadhaa hadi miaka 3, lakini kwako tegemea kile kinachotosha harusi. Na kikawaida hufa ukitoka Kanada, isipokuwa kama umeruhusiwa humo kuingia tena. Ukiwa na mpwa Marekani, usithubutu kwenda kumwona siku mbili ukidhani utarudi Edmonton kuchukua mizigo. Halafu afisa wa uwanja wa ndege naye atakuuliza maswali. Beba nakala ya barua yako mkononi, si kwenye sanduku, na ujibu kama ulivyoandika.

Nilikuahidi habari ya nyumbani kwetu.

Mwaka 2016 nilikuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza. Mama yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alitaka kuja kunilea siku za uzazi, kama alivyolelewa yeye na bibi. Mtu mmoja mjini akamwambia taarifa yake ya benki "haina afya". Mama akampa bahasha, akatia saini alipoonyeshwa. Ndani ya ombi ikaingizwa taarifa ya benki yenye pesa ambazo mama hajapata kuziona maishani mwake. Ubalozi ukauliza, benki ikajibu. Ikaja barua ikimtaka ajieleze, na yule mtu akawa hapokei simu. Tangu Novemba 2014 adhabu ya kutoa taarifa za uongo kwa uhamiaji wa Kanada ni kuzuiwa miaka 5. Kabla yake ilikuwa 2. Mama akapata mitano. Doa lake la awali lilikuwa nini? Hakuwa nalo. Pensheni yake ndogo, pamoja na mshahara wangu, huenda ingetosha kabisa.

Alikuwa amenunua kanga ya kumbebea mjukuu. Aliinunua barabara ya kumi na mbili, akaifua mara mbili ili ilainike, akaikunja na vikonyo vya karafuu. Ikakaa sandukuni. Alipofika Ottawa mwaka 2022, mtoto alikuwa na miaka mitano na nusu, amejificha nyuma ya miguu yangu, akimwogopa bibi yake. Ile kanga alikuja akabebea mwanasesere.

Na lililo chungu zaidi ni kwamba hata katika ile miaka 5, kibali hiki unachokiulizia wewe leo tungeweza kukiomba. Aliyezuiwa kwa taarifa za uongo naye ni mtu asiyekubalika, na kifungu cha 24 hakikumfunga mlango. Pengine tungekataliwa. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba kipo, nami nilikuwa nakaa dakika 20 kutoka bungeni mwa Kanada. Mwaka uliofuata baada ya mama kuzuiwa, nikaanza kazi hii ya kutafsiri.

Kwa hiyo, Baba, ukijibu "Hapana" safari hii, ofisi inayo "Ndiyo" yako ya mwaka jana. Wataziweka karatasi mbili kando kwa kando. Utakuwa umetoka kwenye kosa moja la usukani, ambalo lina dawa, na kuongeza uongo juu yake, na harusi ya Agosti utaitazama kwenye simu. Binti yako alikwambia vizuri. Mshukuru.

Kabla ya kuomba upya, mpe binti yako kazi moja ya haraka. Mtu aliye Kanada anaweza, kwa ada ya dola 5 tu na idhini yako iliyotiwa saini, kuomba chini ya sheria ya upatikanaji wa habari apewe maelezo ya ndani aliyoandika afisa aliyekukataa. Barua ya kukataliwa mara nyingi huwa ya kunakili. Maelezo ya ndani ndiyo yanayosema afisa alifikiri nini. Aombe wiki hii. Wakati mnasubiri, wewe uko mahakamani unatafuta nakala zako. Nyaraka zikitimia, peleka ombi, hata kama maelezo hayo hayajafika. Agosti haiko mbali kama inavyoonekana.

Ukikataliwa tena, rufaa ya kawaida haipo. Lipo ombi la kuitaka Mahakama ya Shirikisho iupitie uamuzi, na kwa uamuzi uliotolewa nje ya Kanada muda wa kulifungua ni siku 60. Mahakama hiyo haikupi kibali. Ikiona afisa hakutenda haki, huagiza afisa mwingine aamue upya. Hiyo ni kazi ya wakili, na ina gharama.

Nikigusia gharama: anayeruhusiwa kisheria kukuwakilisha kwa malipo mbele ya uhamiaji wa Kanada ni wakili, au mshauri aliyesajiliwa na Chuo cha Washauri wa Uhamiaji na Uraia, chombo kilichoanza kazi Novemba 2021. (Wapo pia manotari wa Quebec na wasaidizi wa sheria wenye leseni.) Orodha yao iko wazi mtandaoni, unatafuta jina unaliona. Binti yako anaweza kukusaidia bure, hilo halina kosa. Kwako mimi ningelipia saa moja ya wakili kwa jambo moja tu: kulinganisha hukumu yako na sheria ya Kanada, hasa ikiwa tarehe yako inaangukia jirani na ile 18. Mengine yote wewe na binti yako mnayaweza.

Ukiipata ile tarehe, niandikie. Ningependa kuijua.

SWALI: Dada, mdogo wangu ameomba visa ya masomo Kanada mara mbili. Mara zote wamesema afisa hakuridhika kwamba atarudi kwao akimaliza. Hana kosa lolote. Je, naye aombe hicho kibali cha muda ulichowahi kukitaja?

Dada Mkubwa, Bujumbura

JIBU: Hapana, mdogo wangu. Afisa hakusema mdogo wako hakubaliki. Amesema hajashawishika, na hayo ni mambo mawili. Kibali kile ni kwa mtu ambaye sheria imemzuia. Kukitumia kuzunguka visa iliyokataliwa ni jambo ambalo maafisa wanalijua na hawalipendi, na mtapoteza zile dola mia mbili na ushee bure.

Mkiomba mara ya tatu kwa karatasi zilezile, jibu litakuwa lilelile. Kinachomhitaji sasa ni kueleza kwa nini kozi hii, kwa nini sasa, na itamfaa nini Bujumbura akirudi. Asiseme "kupanua maarifa". Ataje kazi anayoilenga na nani huajiri watu wa fani hiyo. Karatasi za pesa zionyeshe zimetoka wapi, siyo kiasi tu. Kama kuna milioni iliyoingia wiki moja kabla ya ombi, ieleze: ng'ombe ameuzwa, shamba limeuzwa, mjomba ametuma, na karatasi yake hii hapa.

Aanze na yale maelezo ya ndani ya dola 5, kupitia mtu yeyote mnayemwamini aliye Kanada. Mkiyapata, nitumie ule ukurasa wenye sababu tu, majina mkiwa mmeyafuta.